Njia Iliyovuka Masika

Ukimtaka Maduhu, usihangaike kwenda nyumbani kwake. Nenda gulioni Igombanilo, kwenye kibanda cha mabati manne kilichozungushiwa matairi makuukuu, utamkuta amenyoosha mguu wa kulia mbele yake kama mtu anayeota jua, spoku mdomoni, anagombana na gurudumu. Ni fundi baiskeli. Lakini mafundi baiskeli wamejaa tele kuanzia Kahama hadi Ushetu, na wengine, tusifichane, wana mikono myepesi kuliko yake. Maduhu anajulikana kwa jambo lingine. Yeye ndiye mpima njia. Mashindano ya baiskeli yakija upande wetu wa vilima, hayaendi popote mpaka Maduhu aseme yapite wapi.

Sasa mtu huyo, anayejua kila bonde na kila kijinjia cha shamba, ana dada yake ng'ambo ya Kilima cha Mhela. Kwa njia iliyonyooka ni robo saa tu juu ya baiskeli. Maduhu haipiti. Huzunguka kilima kizima, kilometa nne za ziada, nyingi zake mchanga mtupu, akisukuma baiskeli kwa goti bovu mpaka fulana inalowa. Ukimuuliza atakuambia daktari kamshauri afanye mazoezi. Hakuna daktari aliyemshauri kitu. Anaona haya. Kati ya kibanda chake na nyumba ya dada yake kuna shamba la mjane anayeitwa Sikujua, na katikati ya shamba hilo inapita barabara, na barabara hiyo haikuletwa na katapila. Ililetwa na mdomo wa Maduhu.

Hakuzaliwa mtu wa maneno nusunusu. Alizaliwa mchunga ng'ombe, wa sita katika nyumba ya watoto tisa, na baiskeli ya kwanza aliipanda ikiwa na magunia mawili ya mpunga nyuma. Ndivyo vijana wa hapa wanavyopata miguu. Mpunga kutoka mbugani hadi sokoni Kahama haukuulizi kama umekula. Unapanda nao kilima, unashuka nao ukibana tairi kwa soli ya kandambili, na siku ukiushusha ukapanda baiskeli tupu, unajiona unaruka. Maduhu aliruka kweli. Msimu wa mashindano ni mwezi wa saba, mavuno yakishaingia ghalani. Enzi zake hapakuwa na kofia ngumu wala nguo za kubana mwili. Ulifungua keria, ukafungua madigadi, ukapandisha kiti, basi, umeshakuwa mwanamashindano. Zawadi ilikuwa fahali. Alichukua fahali watatu, miaka mitatu mfululizo, na yule wa tatu ndiye aliyetangulia katika mahari ya Mageni, mkewe mpaka leo.

Mwaka wa nne alishuka Mhela kwa pupa, gurudumu la mbele likaingia korongoni, na goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Huo ukawa mwisho. Mwaka mzima hakutaka hata kusikia kengele ya baiskeli. Kisha siku moja akamwambia Mageni, "Kama sitakimbia tena, basi mimi ndiye nitakayewaonyesha pa kukimbilia." Mageni akamjibu kwamba angefanya vizuri zaidi kumwonyesha chumvi ya mboga ilipo. Lakini alimwacha.

Namna yake ya kupima njia watu huicheka mpaka waione. Hufunga kipande cha mpira wa tyubu kwenye spoku ya gurudumu la mbele, na kila gurudumu likizunguka mara moja mpira unapiga uma: ta! Anasukuma baiskeli taratibu, anahesabu kimoyomoyo, na kila akifika mia moja anahamisha kunde moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Njia ya kilometa sitini ni kunde mia mbili sabini na tatu. Ukimsalimia akiwa kazini haitikii; anainua kidole tu, nawe unajua unamharibia hesabu. Vijana wa siku hizi walikuja na simu zao, wakairudia njia yake moja, wakakuta amekosea kwa hatua zisizofika mia mbili. Maduhu akasema iliyokosea ni simu.

Kwa hiyo Chacha alipokuja, alikuja kwa mtu sahihi. Chacha ni mfanyabiashara wa mchele pale Kahama, mtu wa Mara aliyehamia huku miaka mingi iliyopita, anayependa baiskeli kama wengine wanavyopenda mpira. Alitaka mashindano ya kilometa sitini kamili, yaanzie na kuishia gulioni Igombanilo. Maduhu alifunga kibanda wiki nzima, akaingia vilimani na kunde zake.

Akarudi na njia ambayo hata mimi nisiyependa jasho naikubali. Ukitoka gulioni unapata kilometa kumi za lami, kundi zima bado limeshikamana, kila mtu kajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake kuukwepa upepo. Kisha unakata kulia, kwenye changarawe, katikati ya mabani ya kukaushia tumbaku, ambako harufu inakukwaruza koo na wenye vifua vibovu wanaanza kubaki nyuma. Halafu vilima vitatu vya udongo mwekundu, kimoja kikikupokeza kingine. Juu ya kile cha tatu unaiona mbuga yote: majaruba ya mpunga, pamba, ng'ombe waliotawanyika, na mbali kabisa upande wa Geita moshi wa mtu anayechoma mkaa. Unashuka kutoka pale ukipiga kelele bila kujijua. Maduhu alishuka polepole, akihesabu, na bado alipiga kelele.

Tatizo lilikuwa mwisho wake. Ukizunguka Mhela, njia inakuwa kilometa sitini na nne, na mchanga wa pale unamshusha mtu asukume kwa mikono. "Mashindano ya kushuka na kusukuma si mashindano," alisema, "ni kwenda mashineni na gunia." Palikuwa na njia moja tu ya kuyaokoa. Ilikatiza shamba la Sikujua, imenyooka, ngumu, inateremka kidogo kuelekea gulioni, na ukiifuata unafika ukiwa na kunde mia mbili sabini na tatu, si zaidi wala pungufu.

Mgeni hapa inabidi aelezwe kitu. Kwetu, mavuno yakishaondoka, shamba halina mlango. Ng'ombe wa yeyote huingia kula mabua, watu hukatiza kwenda kisimani au kilabuni, na njia hujichora zenyewe. Hizo ni njia za kiangazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, ambazo kwetu ndizo masika, mwenye shamba huziba mapengo ya ua wake wa minyaa kwa matawi ya miiba, analima moja kwa moja juu ya njia, na njia inakufa. Hakuna anayenuna. Lakini njia ikivuka masika bila kulimwa, watu wakaipita ina matope, mazao yamesimama kushoto na kulia, hiyo si ya mwenye shamba tena. Hiyo ni ya watu. Haikuandikwa popote, ila kila mtu anaijua.

Sikujua, au Mama Wema kama tunavyomwita wengi, alikuwa na miaka sitini na kitu wakati huo. Mumewe alikufa zamani. Binti yake Wema kaolewa Chato. Alichobaki nacho ni ekari mbili na nusu, nyumba upande mmoja, kisima na matuta ya viazi upande wa pili, na karanga na mahindi katikati. Hana shamba lingine. Maduhu alipokwenda kumwomba kwamba baiskeli zipite kwake siku moja ya mwezi wa saba, alikubaliwa hata kabla ya kukaribishwa kuketi. Siku ya mashindano mama yule alitoka na mtungi wa maji na kata, akawamwagia waendeshaji vichwani wakipita, akicheka kuliko watoto wa shule. Mwaka wa pili vivyo hivyo.

Mwaka wa tatu mambo ya Chacha yakachelewa, na mashindano yakasogezwa mpaka wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Maduhu alikwenda kwa Sikujua akamkuta anavuta tawi la miiba kuelekea kwenye pengo.

"Shikamoo, Mama Wema."

"Marahaba, Maduhu. Goti vipi?"

"Lipo. Mama, nimekuja kuomba. Pengo usizibe kwanza. Na ile njia usiilime."

Sikujua akaachia tawi. "Maduhu, masika hii."

"Najua, mama. Wiki tatu tu, na hatua nne tu upana. Baiskeli zikipita, kesho yake mimi mwenyewe naleta ng'ombe na plau, tunailima yote."

"Na watu wakiizoea?"

"Watu gani? Si mimi nipo? Mimi na wewe tunajua ni njia ya kuomba."

Mama yule alitazama mawingu, akatazama shamba, akamtazama Maduhu. "Haya," akasema. "Gete, kweli kabisa, angekuwa mwingine ningemfukuza. Lakini wewe ukisema utalima, utalima."

Mashindano yale ya matopeni mpaka leo watu wanayasimulia. Waendeshaji walifika gulioni wekundu kuanzia nywele hadi viatu, hutambui nani ni nani mpaka aseme jina, na watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Kesho yake Maduhu alikuwa na baiskeli ishirini za kutengeneza. Keshokutwa pia. Ng'ombe wa kuazima walikuwa bado wakilima kwa jirani. Siku ya nne ikapita. Na wiki hiyo hiyo, nyuma ya Mhela, watu wakapata dhahabu.

Wanaojua machimbo yanavyofumuka hawahitaji kuambiwa. Jumatatu palikuwa na pori, Ijumaa pana turubai, mama ntilie, mashimo, na mtu anauza vocha za simu. Pikipiki zikatafuta njia fupi ya kutoka gulioni, zikaiona iko wazi, imekanyagwa na baiskeli mia moja, haina mwiba wala tuta. Siku Maduhu alipofika na ng'ombe na plau, pikipiki zilikuwa zikipita shambani kwa Sikujua moja baada ya nyingine, zimebeba viroba vya mawe ya dhahabu kupeleka kwenye makarasha ya kusagia. Dereva mmoja akampigia honi. "Mzee, unataka kulima barabara?" Wenzake wakacheka. Maduhu alisimama pale na kamba ya ng'ombe mkononi, uso unamwaka. Akawageuza ng'ombe. Alimwambia Sikujua atarudi wakitulia.

Hawakutulia, na hakurudi.

Sikujua aliziba pengo mwenyewe kwa miiba. Asubuhi miiba ilikuwa mtaroni. Akaziba tena, ikatupwa tena, na safari hii karanga za mistari mitatu zikakanyagwa. Mwezi wa tatu akaenda kushitaki kwenye baraza la ardhi la kijiji. Wenye pikipiki nao wakaja na wauza chakula wao, wote kinywa kimoja kwamba njia ile ni ya zamani na mama anataka kuwafungia watu riziki. Swali likabaki moja tu: je, ni njia ya zamani ya watu, au ni njia ya kiangazi iliyoachwa wazi kwa bahati mbaya? Baraza lilimwambia Sikujua alete mashahidi. Akaleta mmoja. Akamtaja Maduhu, na habari za lile ombi akamwachia aseme mwenyewe.

Hapa nataka niseme wazi, kwa sababu watu wanapenda kuongeza chumvi. Hakuna aliyemhonga Maduhu. Hakupewa hata soda. Chacha alikuwa amepita kibandani siku mbili kabla, akamwambia kwamba mwaka ujao wanakuja waendeshaji wa Mwanza na Geita, na wote wanaulizia ile njia ya mwisho, ile inayoteremka mpaka gulioni. "Wanaiita njia ya Maduhu," Chacha akasema, akampiga bega, akaondoka. Ni hayo tu. Hakumwomba aseme lolote barazani, wala hakujua kwamba kuna la kusema.

Baraza liliketi kwenye darasa la shule. Sikujua alikaa dawati la mbele kabisa, magoti yamembana, maana madawati yale ni ya watoto. Madirishani palijaa watu wa pikipiki na vijana wa baiskeli. Mwenyekiti, Mzee Magesa, akamwita shahidi.

"Bwana Maduhu, wewe umepima njia zote za kata hii. Tuambie. Ile njia ya shambani kwa Mama Wema ni ya zamani au imefunguliwa juzi?"

Maduhu alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya sehemu mbili. Ya kwanza, kwamba ni kweli pamekuwa na njia pale tangu utotoni mwake, njia ya kiangazi. Ya pili, kwamba kila masika ililimwa, na masika hii haikulimwa kwa sababu yeye mwenyewe aliomba isilimwe. Alianza na ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi.

"Njia ile," akasema, "nimeipita tangu nachunga ng'ombe wa baba."

Madirishani wakalipuka. Mtu alipiga mluzi. Vijana wake wa baiskeli wakaanza kuita jina lake, "Maduhu! Maduhu!", kama vile anaingia gulioni peke yake kundi likiwa nyuma kilometa nzima. Hakuwa ameitwa hivyo tangu fahali wa tatu. Alinyamaza ili kelele zipungue, na zile zilipokuwa zikipungua akagundua kwamba hataki zipungue. Sehemu ya pili ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Ilianza na neno "niliomba", na aliona jinsi nyuso zile dirishani zingebadilika akilitamka.

"Una la kuongeza?" Mzee Magesa akauliza.

Maduhu akatazama sakafu. Akakaa chini.

Mwenyekiti akamgeukia Sikujua, akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Sikujua alimtazama Maduhu. Akasema hana. Kabla ya saa sita uamuzi ulikuwa umesomwa: njia ni ya zamani, ibaki wazi, na mama asiizibe tena.

Tangu siku hiyo Maduhu ana sentensi moja anayojiambia akikaza spoku: sikudanganya. Ni kweli, hakudanganya. Alichokisema barazani kilikuwa kweli tupu, na unaweza kukipima kwa kunde. Siku moja sentensi hiyo ikamtoka kwa sauti mbele ya mkewe.

"Hukudanganya nini?" Mageni akauliza.

Akamweleza yote. Mageni alisikiliza mpaka mwisho, akainua sufuria jikoni. "Mtu ambaye hakudanganya," akasema, "hazunguki Mhela."

Wakati huo hatua nne zilikuwa zimeshakuwa kumi na mbili. Pikipiki zikaleta bajaji, bajaji zikaleta malori ya fuso, na kila mvua ikinyesha, madereva wanakwepa matope kwa kuingia kwenye karanga. Sikujua alibaki na vipande viwili vya shamba visivyoonana vizuri kwa vumbi. Kuku wake waligongwa mpaka akaacha kufuga. Wema alimpigia simu kutoka Chato, akimwambia aje akae naye, auze kilichobaki. Mama akasema atafikiri. Habari hiyo ilifika kibandani kwa Maduhu kupitia mteja mwenye pancha, na siku nzima Maduhu alifunga magurudumu kinyume. Akiondoka huyu mama, aliwaza, nitakuwa mimi ndiye niliyemhamisha.

Mashindano ya mwaka jana alijifanya mgonjwa. Ya mwaka huu hakuweza, maana Chacha alimletea pikipiki ya kuongoza msafara na bendera ya kushika, na wageni wa Mwanza walitaka kumwona mwenye njia. Basi akapita, amekaa nyuma ya pikipiki, lami, mabani, vilima vitatu, mpaka wakaingia shambani kwa Sikujua. Aliomba Mungu mama asiwepo. Alikuwepo. Amesimama pembeni mwa barabara na mtungi wake na kata, kama miaka yote, na dereva wa pikipiki kwa adabu akasimamisha.

"Kunywa, Maduhu," Sikujua akasema, akimnyoshea kata. "Jua kali."

Alikunywa. Akamrudishia kata. Nyuma waendeshaji walishaanza kuonekana, na mama akamwacha, akageuka kuwasubiri wao. Watu gulioni walimpigia makofi alipofika na bendera. Maduhu aliteremka, akampa Chacha bendera, akaenda nyuma ya mabanda ya mitumba, akatapika maji yote.

Kesho yake saa mbili alikuwa ofisi ya kijiji. Mtendaji ni dada mdogo, mpole, aliyekuja baada ya kesi ile. Alimsikiliza bila kumkatiza, akaandika ukurasa mzima, akamsomea, Maduhu akatia sahihi.

"Sasa inakuwaje?" akauliza.

"Mzee wangu, muda wa kupinga uamuzi umeshapita. Na barabara ile imeshaingizwa kwenye mpango wa kijiji, mwakani inawekwa kifusi. Maelezo yako nitayatunza kwenye faili." Akafunga faili. "Ungeyasema siku ile, mzee, ingekuwa kazi ya dakika mbili."

Alitoka pale hana kitu cha kumpelekea Sikujua. Alikuwa amepanga kwenda na barua, au tarehe, au angalau neno la matumaini, ili toba yake iwe na mzigo mkononi. Alifikiri kurudi kibandani. Akafika njia panda, mahali anapokata siku zote kuzunguka kilima, na akaona kwamba akikata tena leo hatanyooka maisha yake yote. Akaenda moja kwa moja.

Sikujua alikuwa amekaa mbele ya nyumba akikata viazi vya kukausha michembe. Vile vya jana vilikuwa juu ya mkeka, vyekundu kwa vumbi la barabara.

"Shikamoo, Mama Wema."

"Marahaba. Leo hukuzunguka."

Maduhu alikaa kwenye jiwe bila kukaribishwa. "Mama, natoka ofisini. Nimewaambia. Wamesema nimechelewa." Akavua kofia. "Siku ile barazani sikusema yote."

"Najua," Sikujua akasema. Kisu hakikusimama. "Mimi si nilikuwa pale mbele? Uliposema ulipita ukichunga ng'ombe, nikasema moyoni, vizuri, anaanza kwa mbali. Watu wakapiga kelele, ukanyamaza. Nikajua unavuta pumzi. Magesa akakuuliza, ukatazama chini. Bado nikajua unavuta pumzi. Hata ulipokaa, Maduhu, nilifikiri goti limekuuma, utasimama tena."

"Lakini mwenyekiti alikupa nafasi. Mbona hukuniuliza? Ungeniuliza tu, 'Nani aliomba isilimwe?', ningejibu."

"Ningekuulizaje mbele ya wale? Wewe ulikuwa shahidi wangu. Ningekuaibisha."

Maduhu alilia. Alilia kama watu wazima wanavyolia wasipozoea, kwa sauti mbaya, kofia imebanwa mkononi, na hakujaribu kujificha. Miaka yote hiyo alijitetea mbele ya mama mwenye hasira aliyemtunga kichwani, na mama huyo hakuwahi kuwepo. Aliyekuwepo ni huyu, aliyemlinda yeye kwa shamba lake.

"Mbona hukuja kibandani hata siku moja ukanitukana?" akauliza alipoweza kusema.

"Nilikuwa nangoja umalize." Sikujua akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi malizia."

"Sasa? Hapa hakuna baraza, mama. Haitasaidia kitu."

"Mimi nipo. Malizia."

Maduhu akasimama. Akanyooka kadiri goti lilivyomruhusu, akatazama mbele kama siku ile darasani. Ilibidi apaze sauti, maana malori yalikuwa yakipita. Alisema kwamba njia ile ni ya kiangazi. Alisema kila masika mwenye shamba aliilima, na watu wote waliheshimu. Alisema masika ile haikulimwa kwa sababu yeye, Maduhu, aliomba isilimwe, akaahidi kuleta ng'ombe na plau, akachelewa, kisha akaogopa kuchekwa, kisha akapenda kushangiliwa. Akasema shamba ni la Sikujua, lote, kutoka minyaa mpaka minyaa. Sikujua alingoja kidogo kuona kama kuna lingine.

"Hayo ndiyo yote," Maduhu akasema.

"Haya. Wabeja," akashukuru.

Akainuka, akachukua jembe na kikapu, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara. Pikipiki mbili zilikuwa zinakuja, na nyuma yake fuso. Akasimama akangoja zipite zote, akajifunika mdomo kwa kanga mpaka vumbi likatua, ndipo akavuka kwenda kuchimba viazi vyake.